Nusu ya Paa la Bibi

Siku mwenyekiti wa kitongoji alipopita na spika yake begani kutangaza kuezuliwa kwa nyumba yetu, mimi nilikuwa juu ya mpichesi nyuma ya choo, nakula pichesi mbichi kwa chumvi, na nilidhani anatangaza msiba. Mzee yule ana sauti ya msiba. Hata akitangaza chanjo ya kuku, kina mama wanaanza kutafuta khanga.

"Msaragambooo Jumamosi! Kila kaya itoe mtu mmoja! Tunakwenda kumsaidia bibi wa nyumba ya Mjerumani kutoa vigae na kupiga bati! Asiyefika, siku yake ikifika asitulilie!"

Bibi wa nyumba ya Mjerumani ni bibi yangu mzaa baba. Naishi naye tangu nilipoanza sekondari, kwenye mji wetu mdogo ambao ukitoka Soni kupanda Lushoto unaupita ukiwa bado unatafuta chenji ya kondakta. Nyumba iko kando ya barabara. Babu aliinunua kwa Mhindi mwenye duka aliyehamia Tanga, na Mhindi aliinunua sijui kwa nani, lakini aliyeijenga ni Mjerumani. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi kwamba mimi nakaa dirishani miguu yote ikiwa ndani na kufanya hesabu, au kujifanya nafanya hesabu. Paa lake ni la vigae vya udongo, vyekundu zamani, sasa vina ukungu na rangi ya kijani kama mgongo wa kobe.

Na linavuja. Masika linavuja, vuli linavuja, hata ukungu wa Julai bibi anasema unapita. Kitanda cha bibi kimeshazunguka chumba kizima kukimbia matone, kikarudi kilipoanzia.

Ndipo baba mdogo, anayeuza vipuri vya magari Mombo, akaleta mabati kwenye Fuso. Aliyashusha, akanywa chai, akasema neno lake: "Mama, haya ndiyo mabati. Masika yakikukuta hujaezeka, nakuja kukuchukua, ukae na mimi Mombo. Nyumba tutaifunga."

"Mombo?" bibi akasema. "Mombo nikakae mimi? Watu wa Mombo wanalala nje kama mbuzi kwa joto."

"Tuna feni, mama."

"Feni lako lilalie wewe."

Baba mdogo hatanii lakini. Mimi nilipigiwa hesabu palepale kwenye sofa, kwamba bibi akiteremka mimi nahamia bweni, ambako maharage yana wadudu wengi kuliko maharage. Kwa hiyo paa lile halikuwa suala la bibi peke yake.

Msaragambo kwetu hauna mjadala. Barabara ikikatika, msaragambo. Tangi la maji likipasuka, msaragambo. Unakwenda na kifaa chako, unafanya kazi, unakula makande ya mwenyeji, na mwenyeji hakuachi uondoke mikono mitupu. Kama ni shamba, unafungiwa viazi. Kama ni kukata mti, unabeba kuni. Bibi alitafakari atawapa nini watu wote wale, akaangalia juu, akasema, "Watachukua vigae. Mimi vya nini tena?"

Watu walifurahi sana. Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa, mpaka watu ambao hata msikiti wao haukuwahi kuwaona kwenye usafi. Tulipanga mstari kutoka kwenye ngazi hadi migombani, kigae kinapita mkono kwa mkono, kinapaka mikono yote vumbi, kinaishia kwenye lundo la atakayekichukua. Tulianza na upande wa nyuma, wenye chumba cha bibi na jiko. Mimi nilikuwa katikati ya mstari naiga sauti ya mwenyekiti: "Kigaeee Jumamosi! Kila kaya itoe kigae kimoja!" Watu wakicheka, kigae kinaanguka, kinapasuka, bibi anapiga kelele kutoka jikoni, "Mume wangu, ukivunja kingine nakuacha!" Bibi hunitania hivyo, ndivyo bibi na wajukuu wanavyoitana kwetu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, anasikia yote, anajifanya hasikii.

Upande wa nyuma ulipobaki kenchi tupu za mbao, na jua limeingia chumbani kwa bibi kwa mara ya kwanza tangu Mjerumani, ikaja pikipiki. Nyuma ameketi afisa utamaduni. Ni dada wa Tanga mjini, na baridi ya kwetu haijawahi kumpa amani. Hata Februari anavaa koti la sufu na skafu juu ya mtandio. Aliruka pikipiki haijasimama.

"Simameni! Simameni hapohapo!"

Tukasimama. Jirani mmoja alikuwa ameinua mguu kuvuka boriti, akabaki nao hewani.

"Nani amewaruhusu?"

Mstari mzima ukageuza shingo kumtazama mwenyekiti juu ya ngazi, kigae mkononi. Dada yule akamwona, na hasira yote ikabidi isubiri kidogo, kwa sababu yeye ni mdogo na mwenyekiti ni mtu mzima.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mwenyekiti, si ulikuwepo kwenye kikao?"

"Nilikuwepo."

"Si mlipitisha kwamba nyumba za kale zote kando ya barabara hii zisibadilishwe mpaka kwa kibali?"

"Tulipitisha."

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha. Wote walinyoosha."

"Sasa hii ni nini?"

Mwenyekiti akakiangalia kigae, akaiangalia nyumba, akamwangalia bibi aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wa makande.

"Hii ni nyumba ya bibi," akasema.

Nikiri kwamba hapo nilimwelewa mwenyekiti kuliko wakati wowote maishani. Kichwani mwake jengo la kale ni jela, ni boma, ni kanisa lenye kengele. Jengo la kale halina mtu anayechemsha maharage ndani. Lakini afisa naye nilimwelewa, maana nyumba ya kale kama si ile, basi ipi? Nikabaki nimewaelewa wote wawili, na hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu shuleni ukielewa pande zote mbili unapewa alama. Pale hukupewa kitu.

"Kuanzia sasa," afisa akasema, "pasiguswe kitu. Kila kitu kibaki kama kilivyo."

Akapanda pikipiki, akaondoka. Alikuwa na jengo lingine la kwenda kuliokoa.

Watu wakafungasha vigae vyao. Hakuna aliyeona ubaya wa kuvichukua: walifanya kazi, walipewa na mwenyeji, wakaenda. Hata bibi hakuwaza. Tatizo lilianza mimi na fundi wa paa tulipoanza kuvuta turubai juu ya chumba cha bibi.

"Hapana," mwenyekiti akasema. "Hukusikia? Kibaki kama kilivyo."

"Mwenyekiti, shikamoo tena," bibi akasema, ingawa ni yeye aliyemzidi umri. Akitaka kugombana na mtu humwamkia. "Kwa hiyo nilale naangalia nyota kwa amri ya serikali?"

"Serikali imeshasema, bibi."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi... mimi pia ni serikali."

"Wewe ndiye uliyeita watu waezue."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyenyoosha mkono wasiezue."

"Ndiyo, bibi."

"Basi kagombaneni huko mlipo, nyote wawili, mkishapatana mje mniambie."

Turubai tulilivuta alipoondoka. Yeye aliliona kesho yake akipita, akatazama upande wa pili wa barabara kwa bidii kubwa.

Jumatatu nilitoroka vipindi viwili nikampeleka bibi ofisini halmashauri. Ofisi nayo ni nyumba ya Mjerumani, pacha wa yetu kabisa, isipokuwa wameiwekea madirisha ya alumini, vigae vya sakafu vinavyoteleza, na paa la bati la bluu. Bibi alisimama nje akaliangalia paa lile muda mrefu.

"Hawa wao walipata kibali kwa nani?" akaniuliza.

Sikujua. Nikamwambia labda walijiandikia.

Mlango wa kwanza, wa utamaduni, tuliambiwa tuvirudishe vigae vilevile. Mlango wa pili, wa ujenzi, kijana mmoja anayekula karanga alisema vigae vya zamani ni vizito, vinaweza kuangukia watu, tupige bati haraka. Mlango wa tatu, wa ardhi, walisema wao hawahusiki na nyumba, wanahusika na kiwanja, na kiwanja hakina tatizo. Bibi akafurahi kidogo kusikia kwamba kuna kitu hakina tatizo. Tukarudi mlango wa kwanza.

"Mwanangu," bibi akamwambia afisa utamaduni, "nieleweshe taratibu. Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, bibi."

"Na huu urithi unaousema ni wa nani?"

"Wa wote. Wa taifa."

"Basi taifa lije lipande juu lipange vigae, mimi nitalipikia."

Afisa akavuta skafu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye swali hilo ameshajiuliza mwenyewe. "Bibi, sisi fungu la ukarabati hatuna. Sisi kazi yetu ni kulinda."

"Mnalinda kwa macho."

"Kwa sasa, ndiyo. Kwa macho."

Nilicheka, bibi akanifinya. Afisa hakukasirika. Alitueleza, na kusema kweli alieleza kwa moyo, kwamba nyumba kama zile zinakwisha moja moja, kila mtu anatoa kigae kimoja, dirisha moja, halafu siku moja watoto watauliza Lushoto ya zamani ilikuwaje, na hakutakuwa na cha kuonyesha. Nikaangalia dirisha la alumini nyuma ya kichwa chake. Naye akageuka akaliangalia, kisha akashusha macho mezani. Akasema Jumamosi atakuja. Akikuta vigae vimerudi, atasimamia virudishwe juu na kibali atakitafuta mwenyewe. Asipovikuta, hajui.

"Hajui," bibi alirudia njia nzima ya kurudi. "Serikali haijui. Mungu wangu."

Mawingu yalishaanza kukaa upande wa Soni na kukataa kuondoka. Baba mdogo alipiga simu kuuliza kama bati limeshapigwa. Bibi akamwambia mtandao hausikiki, akakata.

Nikaanza kuzunguka. Ndipo nilipoona mji wetu ulivyovipenda vile vigae. Jirani wa kwanza amefunikia mtungi wa maji. Wa pili amezungushia bustani ya mchicha, vimesimama kwa mstari kama meno. Mwalimu wa kwaya kaweka kimoja chini ya mguu wa meza, akasema meza haijawahi kutulia hivyo tangu ibarikiwe. Kila mmoja nilimwamkia, nikaomba, na kila mmoja akanijibu kitu kilekile kwa maneno yake: cha msaragambo hakirudishwi. Ukikirudisha ni kama umetapika makande ya mwenyeji.

"Lakini mwenyeji ndiye anayeomba," nikasema.

"Mgosi, mwenyeji anaomba kwa kulazimishwa. Hiyo haihesabiki."

Mwisho nikafika kwa mwenyekiti. Banda lake la mbuzi lilikuwa limeezekwa kwa vigae vyetu, kwa ustadi, na mbuzi wamekaa chini yake wakavu na wenye heshima zao kama wageni wa benki. Nikaamkia. Nikaeleza. Mwenyekiti akakaa kwenye ndoo.

"Unajua wewe kijana," akasema, "mimi kwenye kile kikao nilinyoosha mkono nikijua nafanya jambo jema."

"Najua, mzee."

"Na msaragambo niliuita nikijua nafanya jambo jema."

"Najua."

"Sasa nimekosea wapi?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Mtu mzima, mwenyekiti, ananiuliza mimi ninayeburuza mkia kwenye hesabu. Nikamwambia, "Itisha msaragambo mwingine. Wa kurudisha."

"Nitangaze kinyume cha nilichotangaza? Kwa mdomo huuhuu?"

"Hawatarudisha bila msaragambo, mzee. Watasema ni mkosi."

Akaingia ndani, akatoka na spika. Akanipa.

"Koo linaniuma," akasema. "Wewe si huwa unaniiga? Unadhani sisikii? Haya. Niige."

Nimefanya utani mwingi maishani lakini ule haukuwa wangu. Nilipita kwenye vichochoro, nyuma ya migomba, mahali ambapo watu wanasikia sauti lakini hawaoni mtu, na nikatoa ile sauti ya msiba yote niliyonayo. "Msaragambooo Jumamosi! Kila kaya irudi na kigae chake! Asiyerudisha, siku yake ikifika asitulilie!" Na nikasikia milango ikifunguka, na mama mmoja akisema, "Mwenyekiti leo sauti imemrudi, alikuwa anaumwa." Kwa asubuhi nzima mimi nilikuwa serikali. Watu wakanitii. Sijaelewa hadi leo ni mimi waliyemtii, au mwenyekiti, au ile spika.

Jumamosi wakaja. Mwalimu wa kwaya alikuja na kigae chake mikononi kama anapeleka sadaka. Wa mchicha alikuja na ndoo nzima. Mwenyekiti akaja wa mwisho na mkokoteni, mbuzi wawili wanamfuata nyuma wakilalamika. Bibi alipika makande tena, kwa sababu msaragambo ni msaragambo, hata wa kurudi kinyumenyume.

Afisa utamaduni alitembea katikati ya malundo. Alikuwa anahesabu kwa midomo, na kadiri alivyohesabu ndivyo sura ilivyomshuka. Vilivyorudi ni vichache kuliko vilivyotoka. Vingi vilipasuka siku ile ya kwanza, na mimi nilijua vichache kati yake vilipasukia mikononi mwa nani. Fundi akasema upande wote wa nyuma haviwezi kuuziba hata ukivitandika kama magazeti.

Hapo afisa akainama kwenye mkokoteni wa mwenyekiti, akaokota kigae kimoja, akakifuta kwa skafu yake. Juu yake kulikuwa na nyayo za mbwa. Nyayo tatu, safi kabisa, kucha zinaonekana.

"Alipita kikiwa kibichi," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla hakijachomwa. Angalieni. Alikuwa anakwenda zake tu."

Tulikusanyika wote kumwangalia mbwa wa Mjerumani ambaye hayupo. Hata mbuzi. Bibi akachungulia.

"Haya," akasema. "Mbwa kapata mlinzi. Na mimi?"

Radi ikapiga upande wa Soni. Afisa akatazama juu kwenye kenchi tupu, akatazama mabati yaliyolala kando ya ukuta, akatembea mpaka barabarani, akasimama, akaiangalia nyumba kutoka kule. Akarudi.

"Kwa vilivyopo zibeni upande wa mbele, pale palipopasuka, uso wote uwe mzima," akamwambia fundi. "Nyuma... nyuma hapaonekani barabarani. Nyuma pigeni bati. Nitajibu mimi."

Watu wakashangilia, maana walikuwa na njaa. Mimi nilibaki palepale. Nyuma ndiko tulikoanzia. Nyuma ndiko walikotusimamisha. Tungeachwa tu siku ile tukapiga bati nyuma, tungekuwa hapahapa tulipo, bila bibi kulala chini ya turubai na bila mimi kuigiza serikali. Au tungeendelea mpaka mbele, na kigae cha mbwa kingebaki juu ya banda la mbuzi. Nilijaribu kumuuliza afisa, kwa adabu, kama urithi ni kile kinachoonekana barabarani tu.

"Nenda kale makande," akaniambia. Lakini hakuniambia kwa ubaya. Nadhani na yeye alikuwa anajiuliza.

Papi za mbao na bati vilipigwa siku hiyohiyo. Kabla ya kushuka, fundi aliuliza kigae cha mbwa kikae wapi. Afisa alitaka akipeleke ofisini. Bibi akamwambia, "Ofisini kwenu kuna bati. Kiache kwenye vigae wenzake." Kikapangwa upande wa mbele, juu ya sebule, nyayo zikiangalia juu.

Masika yakaingia. Mvua ya kwanza ilishuka mchana, bibi amejinyoosha chumbani kwake chini ya bati jipya. Mnajua kelele za mvua ya milimani juu ya bati. Niliona mlango unafunguka, bibi ameziba masikio, mdomo unasema kitu nisichokisikia. Mwisho akaniwekea mdomo sikioni: "Mume wangu! Hamisha kitanda!"

Tukakihamishia sebuleni, chini ya vigae. Kimya. Mvua pale inasikika kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya jirani. Bibi akalala palepale, mchana kweupe, mdomo wazi.

Baba mdogo alikuja Jumapili kukagua. Alikagua nyuma, akaridhika, akaingia sebuleni akamkuta mama yake kwenye kitanda katikati ya makochi, na miguuni kuna beseni, na kwenye beseni matone. Tip. Tip.

"Mama. Mabati nimekuletea. Mbona umekuja kulala panapovuja?"

"Panavuja mahali pamoja tu. Ni pale alipopita mbwa."

"Mbwa gani?"

Bibi akanionyesha nimweleze. Ningeanzia wapi? Baba mdogo akatafuta kiti apande azibe kwa nailoni, akanyoosha mkono juu.

"We!" bibi akasema. "Usiguse. Kibaki kama kilivyo."

Baba mdogo akateremka Mombo peke yake. Beseni nalimwaga mimi.